Firigisi ya Jogoo Wangu

Siku ile nyumbani kwetu, pembeni mwa mji wa Bariadi, tulikuwepo watu hawa. Mimi mwenyewe, bibi wa binti aliyekuwa anaposwa. Mkamwana wangu, mjane wa kitinda mimba wangu, ndiye mama wa huyo binti. Binti mwenyewe, amefungiwa chumbani kama desturi inavyotaka. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Zagayu na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuja asubuhi ile kwa baiskeli, mwanaume pekee wa upande wetu, na masikio yake yamekufa nusu. Upande wa wageni, wote wa Nyashimo, alikuwepo baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa msafara, shangazi wa kijana, na mshenga wao.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na hata rangi za ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya mama zao. Siyaandiki. Jambo lenyewe ni la kinyaa, na hao wote bado wanaalikwa kula kwa watu.

Nianze na mapipa, maana bila mapipa hakuna habari.

Mwanangu alipofariki, mkamwana wangu alianza kufuga kuku wa mayai. Sikumkataza. Mayai yale ndiyo yaliyotulisha na kumvusha binti shule mpaka chuo cha ualimu. Kuku walikula pumba, mashudu ya pamba na dagaa. Halafu dagaa wakapanda bei mpaka wakawa wa watu tu, mashudu nayo yakawa yanabebwa na magari makubwa kwenda kuuzwa mbali. Ndipo akaja mama mmoja wa ofisi ya mifugo, kijana bado, kavaa viatu vya mpira, akawafundisha wanawake wa kikundi chao kufuga funza.

Nasema kufuga. Neno lile lile tunalolitumia kwa ng'ombe.

Alfajiri mkamwana wangu alikwenda machinjioni na ndoo zake. Alirudi na yale majani yaliyosagika tumboni mwa ng'ombe, ya kijani, yana mapovu, na damu iliyoganda kama ini. Alichanganya na viazi vilivyooza na maganda ya matikiti, akatia ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu, nyuma ya zizi. Nzi wakaja, weusi, wembamba, wakataga. Baada ya siku chache ukifunua turubai, yaliyomo yote yanatembea. Kitu kinachemka na chini hakuna moto.

Tena kina sauti. Watu wengi hawalijui hili. Funza wengi wakila pamoja wanasikika, kama mzee asiye na meno anayetafuna mdomo wazi sikioni mwako. Harufu yake sitaieleza. Niseme tu kwamba mwaka ule niliacha kunywa uji nje.

Msidhani mimi ni mwanamke wa kuogopa wadudu. Kumbikumbi nimewala wabichi, mabawa bado yako mdomoni. Utotoni kwetu Sola tulichukua chungu chakavu, tukakijaza samadi kavu na mabua ya mtama, tukakifunika juu ya kichuguu. Asubuhi unakifunua, mchwa wamejaa, unawakung'utia vifaranga wale. Lakini mchwa anakula bua. Ni mdudu msafi, anakula kikavu, hata nyumba yake anaijenga. Huyu wa mapipani anakula tumbo la mwenzake.

Mjukuu wangu, yule binti, alikuwa amemaliza kusomea kufundisha sayansi na alikuwa nyumbani akisubiri ajira. Aliniona natema mate nikipita pale, akanishika mkono.

"Bibi, weka kiganja hapa."

"Siweki."

"Ubavuni tu. Nje."

Nikaweka. Pipa lilikuwa la moto, kama kipaji cha mtoto mwenye homa.

"Hilo joto ni nguvu inayovuja," akasema. "Jua limewapa majani nguvu. Ng'ombe kala majani, nguvu nyingine kaitumia kutembea, nyingine imemtoka kama joto, kidogo tu ndiyo nyama. Ile aliyoshindwa kuisaga bado imo kwenye hii taka. Funza wanaichukua. Kuku anawala, naye anaivujisha. Inayofika kwenye yai ni kidogo sana."

"Kwa hiyo jua limepita kwenye majani, likapita kwa ng'ombe, likapita kwenye mavi, likapita kwa funza, likapita kwa kuku."

"Ndiyo, bibi."

"Na sasa linataka kupita kwangu."

Akacheka. "Limeshakupita siku zote. Hakuna aliye nje ya hiyo njia."

"Mimi lisinifikie. Lisimame kwa kuku."

Tangu siku hiyo sikula yai la nyumba ile. Nilianza kula chakula changu peke yangu, na nilikuwa na jogoo wangu. Mwekundu, shingo ya dhahabu, nimemlea mlangoni kwangu kwa mtama na makombo ya ugali. Posa ilipotajwa nikawaambia wote, wageni wa mjukuu wangu hawatatia mdomoni kuku wa pipa. Watakula jogoo wangu.

Naye akanenepa. Akanenepa mpaka nikawa namnyanyua kuwaonyesha majirani. Nilidhani ni mtama.

Sasa niseme kwa nini posa ile ilikuwa inaning'inia. Kijana alimtaka mjukuu wangu, na mjukuu wangu alimtaka yeye. Lakini shangazi wa kijana hakututaka. Alikuwa amesema waziwazi huko kwao kwamba nyumba ile ni ya wanawake watupu, haina baba, haina kaka, na binti anayelelewa na wanawake watupu hajui mkubwa ni nani. Maneno yale yalitufikia kabla yao. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na alikuja kuangalia kama shangazi anasema kweli. Mjukuu wangu alikuwa hajalala vizuri wiki nzima.

Walifika asubuhi kwa gari la kukodi. Tukawapokea kwa salamu za Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Shangazi hakukaa sawasawa kwenye kiti kabla hajainua pua. "Machinjio yako karibu na hapa?"

"Ni upepo tu, shangazi," akajibu mkamwana wangu. Tulikuwa tumeyafunika mapipa kwa maturubai mawili na kuyaegemeza mabua, na tumekubaliana hakuna atakayeyataja. Mwanamke mwenye mapipa ya funza si mkwe wa kujivunia. Hilo tulilijua wote, hata yeye.

Kwetu mgeni anaonyeshwa kuku wake akiwa hai. Nikamleta jogoo mwenyewe, nikamweka mikononi mwa baba mkubwa. Akampima kwa mkono, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu ana mwili."

"Mtama, baba," nikasema.

Shemeji akaenda kumchinja. Wifi yangu akamnyonyoa, mimi nikashika sufuria. Ilikuwa jikoni nyuma, wageni wako mbele. Wifi akapasua kile kifuko cha shingoni ambamo kuku huweka chakula kabla hakijashuka. Akaacha kupasua.

Ndani hamkuwa na mtama. Walikuwa funza. Wazima, wanene, wanajinyonganyonga kwenye kamasi la njano, wengine wameanza kuwa kahawia. Mmoja akaanguka juu ya kidole cha wifi, akaanza kupanda.

Jogoo wangu alikuwa akiamka kabla yetu sote na kwenda nyuma ya zizi. Ule unene niliousifu kwa majirani, nikaushika na kuupima, ulikuwa umetoka pipani.

Wifi yangu hakupiga kelele. Alikusanya kila kilichokuwa tumboni mwa yule jogoo, utumbo, maini, firigisi, vyote, akavirusha nje ya mlango. Mbwa akavidaka kabla havijagusa chini. Halafu akaosha nyama kwa maji ya moto na limao, akaosha tena, akasugua kwa chumvi kama anayesugua sufuria. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, macho yamefumbwa.

"Nyama haina kosa," akasema wifi. "Wewe nyamaza, songa ugali."

Hakuna kati yetu aliyekumbuka firigisi.

Nawaeleza vijana ambao siku hizi mnanunua kuku vipandevipande. Kuku wa mgeni hukatwa kila kiungo kionekane, na mgeni mkubwa huitafuta firigisi. Ndiyo kiti chake ndani ya bakuli. Ukimpa mapaja mawili bila firigisi, umemwambia kuna mkubwa mwingine aliyeshakula kabla yake.

Chakula kikapelekwa. Mkamwana wangu akapiga magoti na jagi, akawanawisha. Baba mkubwa akafunua bakuli, akageuza vipande kwa kijiko, taratibu. Akageuza tena.

"Ni yule yule jogoo?"

"Ndiye, baba," akasema mkamwana.

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi alizaliwa hana firigisi."

Nilikuwa mlangoni. Nikamtazama wifi, wifi akatazama miguu yake.

"Firigisi alikuwa nayo, kaka," akasema shangazi, sauti laini. "Ila wanawake wakikaa peke yao wanazoea kujikatia. Utawalaumu? Nani wa kumwekea?"

"Amesema nini?" akauliza shemeji yangu.

Mshenga akakohoa. "Jiko ni jiko. Vitu huanguka."

"Huanguka," akasema baba mkubwa, akarudisha kifuniko juu ya bakuli. "Mayu," akamwita mkamwana wangu, yaani mama, "nimwagie maji ninawe."

Alikuwa ameshanawa. Mtu anayenawa mara ya pili kabla ya kula anaaga. Mkamwana wangu alibaki amepiga magoti, jagi mkononi, hamwagi. Kule chumbani nikasikia kitanda kinalia, binti ameinuka, anasikiliza.

Ningeweza kusema imeanguka. Ningeweza kusema paka. Lakini paka asingemjibu shangazi. Shangazi angeondoka na maneno yake yale yale, na mjukuu wangu angebaki pale kitandani.

"Baba," nikasema, "firigisi yako kaila mbwa."

Akanigeukia.

Nikamwambia yote. Sikuchagua. Nikamwambia habari ya ndoo za machinjioni, ya damu, ya viazi vilivyooza, ya sauti wanayotoa wakila. Nikamwambia jinsi nilivyomsifu jogoo, na tulichokikuta shingoni mwake, na yule funza mmoja alivyopanda kidole cha wifi. Kadiri nilivyosema ndivyo karaha ilivyonipanda, nikawa nasema kama mtu anayetapika, siwezi kukomea katikati. "Tumeitupa kwa kinyaa," nikamaliza. "Si kwa dharau. Hakuna mwanamke aliyeila. Hakuna mwanamke ambaye angeweza."

Mshenga akakisogeza kiti chake mbali na meza.

"Mlitaka kutulisha hivyo?" akasema shangazi. "Na huyu ndiye mama mkwe wa mtoto wetu. Anafuga funza."

Mkamwana wangu ni mtu wa maneno machache. Aliweka jagi chini.

"Shangazi, hao funza ndio waliomalizia chuo cha huyu binti. Baba yake alipokufa watu walikuja kulia, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyerudi na debe la pumba."

"Kwa hiyo amekula mayai hayo," akasema baba mkubwa.

"Mwaka wa mwisho wote."

"Basi na yeye mwenyewe, tukifuatilia, ametoka pipani."

Pale nikajua imekwisha. Nililiogopa neno hilo hilo. Nikawaza atakavyotembea sokoni Nyashimo mjukuu wangu, hata kama ataolewa na mwingine huko, watu wakimwita binti wa funza.

Baba mkubwa akasimama. "Nipeleke nikawaone."

Tukaenda wote nyuma ya zizi, shemeji akiuliza njiani tunakwenda wapi. Mkamwana akavuta maturubai. Harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa amejificha. Shangazi akajifunika pua kwa khanga. Baba mkubwa akainama, na kitu ambacho mimi nilibembelezwa ndipo nikakifanya, yeye alikifanya mwenyewe, akaweka kiganja ubavuni mwa pipa.

"Wana moto."

"Wanakula, baba," akasema mkamwana. "Wakila sana wanatoa joto."

Akawatazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imekunjamana, naye aliona kinyaa, msidhani hakuona. Halafu akaniambia mimi:

"Mama, hawa wanatusubiri wote. Mimi, wewe, na huyu dada yangu anayeziba pua. Acheni kuku wawawahi."

"Amesema nini?" akauliza shemeji.

"Amesema utaliwa na funza," akamjibu wifi yangu sikioni, kwa nguvu.

"Hilo nalijua," akasema shemeji.

Mshenga alicheka peke yake.

"Chinjeni mwingine," akasema baba mkubwa. "Yeyote. Na safari hii firigisi ipasuliwe mbele yangu."

Mkamwana akakamata mmoja wa kuku wake wa mayai, mweupe. Akachinjwa pale pale. Mkamwana akatoa firigisi, akaipasua kwa kisu kidogo juu ya ubao. Ndani mlikuwa na mchanga, punje tatu nne za mahindi, na maganda ya funza, membamba, kahawia, yamesagwa nusu, yamegandamana kama majani ya chai yaliyobaki kwenye birika. Akayakwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Yalitoa mlio mdogo.

Shangazi alikwenda nyuma ya mti wa mwarobaini, na tulimsikia.

Mkamwana akachuna ile ngozi ya njano ya ndani, akaosha, akatia chumvi, akaibanika kwenye makaa. Ikatoa mafuta. Tukarudi mbele. Baba mkubwa akawekewa firigisi kwenye sahani peke yake, hakuigusa.

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

Shemeji yangu, hilo alilisikia, akanyoosha mgongo.

"Si wewe, ndugu yangu," akasema baba mkubwa. "Wewe umekuja asubuhi kwa baiskeli kama mimi nilivyokuja kwa gari. Nauliza nani nikimkosea kwenye nyumba hii atanijibu."

Akachukua kisu, akaigawa firigisi nusu kwa nusu, akasukuma sahani kwangu.

Katika umri wangu wote sikuwahi kuila. Baba yangu aliila, mume wangu aliila, wageni wao waliila. Mimi nilizipasua, nikazipika, nikazipeleka. Na sasa ya kwanza ya maisha yangu naletewa mbele ya wanaume, na ni hiyo. Ningeikataa, ningekuwa nimesema alichosema shangazi, kwamba hapa hakuna mkubwa.

"Kwanza wewe, baba," nikasema.

Akatia yake mdomoni. Nikatia yangu.

Ni ngumu, ile nyama. Haimezeki haraka, inakulazimisha uitafune, na kila nikitafuna nayaona yale maganda chini ya ukucha wa mkamwana, naona tumbo la ng'ombe, naona mapovu ya kijani, nasikia ile sauti, na sikujua tena kama ni yao au ni ya mdomo wangu. Mate yalijaa. Baba mkubwa alikuwa ananitazama, shangazi amerudi ananitazama, macho mekundu. Ningeitema, ningekuwa nimeitema ndoa ya mjukuu wangu juu ya meza.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililonichefua zaidi. Ilikuwa tamu kuliko kuku yeyote niliyewahi kuonja, ina mafuta, na ulimi wangu uliifurahia bila kuniuliza.

Nikameza.

"Haya," akasema baba mkubwa, akivuta bakuli la jogoo wangu, "sasa tuongee ng'ombe."

Waliongea mpaka jua likageuka. Shemeji yangu alidai majike, mshenga akampa madume, wakakutana katikati. Shangazi hakusema neno lingine la nyumba ya wanawake. Alikula ugali na mboga za majani, akaacha nyama, na kwa hilo simlaumu, mimi mwenyewe nilitamani kuwa yeye. Walipoondoka binti akatoka chumbani, akanikumbatia, akataka kunibusu. Nikamwambia asubiri kwanza nisukutue.

Ng'ombe walikuja. Sasa yuko Nyashimo, na mama yake bado ana mapipa. Mapipa yameongezeka. Mayai siyali hata leo. Mkamwana wangu huniambia, mayu, firigisi ulikula, yai linakushinda nini? Namwambia ile niliila kwa kazi.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Wifi yangu anasema hakuvirusha mlangoni bali dirishani. Shemeji anadai aliombwa yeye nusu ya firigisi akakataa. Mkamwana anasema kuku wa pili hakuwa mweupe, alikuwa wa madoa. Majina ya watu sikosei, lakini rangi za kuku huenda nimekosea. Aliyekuwepo, wa Bariadi au wa Nyashimo, akiona nimepotoka mahali aje anisahihishe, nitamsikiliza. Akija kabla ya saa ya chakula, aje ameshiba.